Anayelipia ramani ni mmoja, wanaoishi na jengo ni mtaa mzima: maoni ya msanifu majengo wa Dar

#1 Mchora Ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Humu kila unapofunguliwa uzi wa ujenzi maswali ni yale yale: tofali ngapi, bati geji gani, fundi anachaji kiasi gani, nani ana ramani ya vyumba vitatu kimoja masta. Sina ugomvi nayo, ndiyo yanayonilisha. Ila kuna swali ambalo wateja hawaniulizi, na ndilo nataka tulichambue leo: hili jengo litamfanyia nini mtu asiye mwenye jengo?

Najua kuna watakaosema kiwanja changu, hela yangu, tofali langu, huyo mwingine anaingiaje. Anaingia hivi. Maji ya mvua ya paa lako yanashukia kwa jirani. Choo chako kikijaa, mtaa mzima unanusa. Fensi yako ndiyo inayoamua kama binti anayerudi kutoka kazini saa tatu usiku atapita kwenye njia yenye macho ya watu au kwenye uchochoro wa kuta mbili. Mimi nalipwa na mtu mmoja, lakini mchoro wangu unawafikia watu ambao hawakusaini mkataba wowote. Hao nawaita mteja wa pili. Na msimamo wangu ni kwamba kazi ya msanifu inapimwa kwa huyo mteja wa pili. Mteja wa kwanza nikimkosea atanipigia simu usiku, atanishtaki, atanisema vibaya kwa rafiki zake. Wa pili hana pa kulalamikia. Atakaa na jengo langu miaka hamsini, basi.

Nianze na nyumba ambayo haikuchorwa na msanifu yeyote: ile ya Kiswahili ya vyumba sita. Waliokulia Ilala, Magomeni, Temeke au Kariakoo ya zamani wanaijua wakiwa wamefumba macho. Kibaraza mbele, korido katikati inanyooka mpaka uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Uani kuna jiko, bafu, choo, kamba za kuanikia nguo. Fungua mlango wa mbele na wa nyuma, upepo unapita moja kwa moja. Kibarazani asubuhi mama anakaanga vitumbua, mchana wazee wanacheza bao, jioni anayeuza samaki anawasha kibatari. Mgeni asiyejulikana anakaribishwa pale pale bila kuingizwa chumbani. Mwenye nyumba anapata kodi, mpangaji anapata sehemu mjini kwa hela anayoimudu, na mtaa unapata walinzi wasiolipwa, maana muda wote kuna mtu amekaa mbele anaona nani anapita.

Sisemi turudi huko. Korido ile mchana ni giza. Familia sita kwa choo kimoja ni mateso, na mvua ikinyesha majiko ya mkaa yote yanahamia koridoni, watoto wanavuta moshi. Ninachosema ni kwamba nyumba ile ilikuwa na jibu la mteja wa pili hata kabla hajauliza. Nenda sasa kwenye viwanja vilivyopimwa miaka hii ishirini, Bunju, Kibada, Buyuni. Viwanja safi, barabara pana, watu wamejitahidi. Unachoona barabarani ni ukuta, geti, ukuta, geti. Juu chupa zilizovunjwa au waya wa umeme. Nyumba nzuri zote zimeupa mtaa mgongo. Halafu tunashangaa mtu anavunjiwa mchana kweupe na hakuna aliyeona. Angeona nani? Mwizi akisharuka fensi, ile fensi inamlinda yeye.

Jiji hili lenyewe lilichorwa kwa mantiki ya kumtenga mteja wa pili. Wakoloni waligawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila upande na aina yake ya ujenzi inayoruhusiwa. Mnazi Mmoja mnapopumzika leo chini ya miti ulikuwa ukanda wa wazi wa kuwaweka Waafrika wa Kariakoo mbali na katikati ya mji. Eneo lililoachwa ili watu wasikutane ndilo leo kila mtu analikatiza kwenda anakokwenda, na ndipo ulipo mnara wa Mwenge wa Uhuru. Wanaosema usanifu hauna siasa waende wakakae pale nusu saa.

Baada ya uhuru kuna waliojaribu kugeuza kibao. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu Waafrika wa mwanzo kabisa Afrika Mashariki, aliyesomea Haifa kule Israel, ndiye aliyechora Soko la Kariakoo lililojengwa miaka ya mwanzo ya 1970. Wengi wetu tumepita pale tukifikiria bei ya nyanya tu, hatukuinua macho. Juu kuna miavuli mikubwa ya zege iliyosimama kila mmoja kwa nguzo yake, na kati ya mwavuli na mwavuli hewa na mwanga vinaingia. Soko lenye maelfu ya watu, joto la Dar, na halikutegemea kiyoyozi. Mama mwenye kikapu na bosi mwenye gari wote walipata kivuli kilekile. Tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Kwangu jengo lile ndilo somo la kwanza la nchi hii kuhusu nani anajengewa nini: fedha ya umma, ikamtumikia mtu anayenunua fungu moja la mchicha.

Sasa tutoke kwenye majengo ya sifa twende kwenye choo. Msikunje pua. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba karibu asilimia 70 wanaishi kwenye makazi yasiyopimwa. Huko, gari la kunyonya maji taka haliingii. Njia ni ya upana wa bodaboda, na kona moja mtu amesogeza ukuta. Kwa hiyo shimo likijaa, watu wanasubiri mvua kubwa wanatapisha. Mnaelewa maana yake: kilichokuwa chooni kinatembea na maji hadi mlangoni kwa aliye bondeni. Huyo wa bondeni ndiye mteja wa pili wa kila mtu aliye juu yake. Na tiba ya pale haihitaji msanifu maarufu, inahitaji mtu aliyekaa na mjumbe na wenye nyumba kabla kuta hazijasimama, wakakubaliana kuacha njia ya gari. Mita tatu na nusu. Kuna mitaa ya hapa Dar ambayo hizo mita zingekuwa zimefanya kazi kubwa kuliko hospitali.

Kwa sababu hiyo mimi nasema kazi kubwa kabisa ya usanifu wa kijamii iliyowahi kufanyika jijini haina hata picha nzuri ya kuonyesha. Ni ule mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliotuzalia Sinza na Kijitonyama, na kuboresha Manzese. Wazo lilikuwa rahisi: serikali ichore viwanja vidogo, iweke barabara, maji na mitaro, nyumba mtu ajijengee mwenyewe kwa kasi ya mfuko wake. Leo Sinza ina baa nyingi kuliko maduka ya vitabu, ndiyo, lakini gari la zimamoto linapita.

Nimalizie na hili kwa wale wanaopenda mifano ya nje. Msanifu Hassan Fathy wa Misri, miaka ya 1940, alijenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor. Matofali ya udongo, makuba, ua wa ndani, hewa safi. Mpaka leo wanafunzi wa usanifu duniani wanakifundishwa. Wanakijiji wenyewe wengi waligoma kuhamia, maana riziki yao ilikuwa kule kwenye makaburi ya kale walikotakiwa waondoke. Sisi tuna Mabwepande: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja kule, na wengi wakarudi bondeni, kwa sababu kibarua kiko Kariakoo na nauli inakula mshahara. Nyumba nzuri mahali pasipo na kazi ni adhabu yenye bati.

Karibuni tujadili. Matusi hapana.

#2 Kete Nne

Mkuu umeandika, nimesoma yote na chai ikapoa. Lakini tuambizane ukweli. Usanifu ni anasa. Mtu wa Mbagala ana milioni zake chache alizochanga kwenye kikoba, unataka akulipe wewe umchoree kivuli cha mpita njia? Anachukua ramani ya WhatsApp, anampa fundi, maisha yanaendelea. Nyinyi mko Masaki mnachora vioo.

#3 Mchora Ramani

Kete Nne, hapo kwenye vioo sikupingi. Nenda Posta saa tisa alasiri uone ghorofa la vioo linalotazama magharibi. Jua la Dar linakaribia utosini karibu mwaka mzima, asubuhi linapiga mashariki, jioni magharibi, ndiyo maana madirisha ya hapa yanatakiwa yatazame kaskazini na kusini, ambako pia ndiko zinakotoka pepo za kaskazi na kusi. Jengo la kioo kizima linageuza joto lile kuwa bili ya umeme kwa waliomo ndani, na kulimwaga kwa waliosimama nje wakisubiri usafiri. Majengo ya zamani ya pale Uhindini yalikuwa na roshani zilizojitokeza juu ya njia, mtu anatembea kivulini. Hayo yanabomolewa moja moja.

Lakini kwenye hela unakosea. Ramani ya WhatsApp si ya bure. Imechorwa bila kujua kiwanja chako kimeinamia wapi, jua linatokea upande gani, jirani amejenga nini. Ukigeuza nyumba nzima nyuzi tisini hautatumia hata tofali moja la ziada. Utalala bila feni. Usipogeuza, utanunua umeme wa LUKU maisha yako yote. Hiyo siyo anasa.

#4 Bi Fremu

Samahani, mimi ni mwenye nyumba, na nadhani humu ndani niko peke yangu maana wote mnaongea kama wapangaji. Nilikuwa na kibaraza. Nimekivunja nimejenga fremu nne za maduka. Fremu moja inalipa kuliko vyumba viwili vya nyuma. Mnataka niwape wazee sehemu ya kuchezea bao, ada ya shule ya wanangu atalipa nani?

#5 Mchora Ramani

Shikamoo Bi Fremu. Sina neno na fremu, mtaa usio na duka ni mtaa uliokufa. Ninachokuuliza ni umeziweka wapi. Kama mlango wa rola umekaa kwenye mpaka wa kiwanja, mteja wako anasimama barabarani juani, bodaboda inamgusa kiwiko. Ungerudisha mlango nyuma futi nne tano, na paa au slabu ya juu ikabaki pale pale, umepata fremu yenye kivuli. Chumba cha juu hakijapungua hata inchi. Duka lenye kivuli watu wanasimama, na wakisimama wananunua.

#6 Bi Fremu

Marahaba. Hujawahi kuwa na fremu wewe. Ukiacha kivuli mbele, kesho asubuhi kuna meza ya machinga. Keshokutwa kuna mama ntilie na sufuria. Wiki ijayo kuna mtu anawakodisha wote wawili eneo langu, na mpangaji wangu wa fremu ananipigia simu kwamba mlango hauonekani. Nikiita serikali ya mtaa ninaambiwa tukae tuyajenge.

#7 Mchora Ramani

Hapo umenishika na sitajifanya nina dawa kwenye karatasi. Ukweli ni kwamba kivuli ni kichache mjini, ndiyo maana kinagombewa. Ukiwa peke yako umeacha kivuli, machinga wa mtaa mzima watakuja kwako. Mtaa mzima ukiacha, wanatawanyika. Hilo ni jambo la kanuni za manispaa, mstari mmoja kwenye masharti ya kibali cha ujenzi kwa barabara za biashara. Msanifu mmoja na mwenye nyumba mmoja hawaliwezi.

#8 Mpangaji wa Buguruni

Naomba na mimi niseme, maana mnabishana vibaraza na mimi sijapata hata dirisha. Ninakaa chumba na sebule, wanaita self. Dirisha la chumbani linatazama ukuta wa jirani, nikinyoosha mkono naugusa. Jirani akikaanga dagaa mapazia yangu yananuka wiki nzima. Sifungui. Feni inazunguka mchana na usiku, na LUKU tunachangia nyumba nzima, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi ni ugomvi nani ana friji.

Na kitu ambacho wachora ramani hamkifikirii kabisa: kufua. Uani kuna bomba liko usawa wa goti. Nafua nimeinama saa nzima, nikiinuka mgongo hauamki. Na maji machafu yanatiririka hapo hapo watoto wanapocheza. Mwenye nyumba ametumia hela kwa jipsamu ya dari yenye taa za rangi, karo la kusimama la kufulia hakujenga.

#9 Mchora Ramani

Dada, umeandika kwa mistari michache kile nilichokizungukia kurasa nzima. Karo la zege la usawa wa kiuno, bomba juu yake, kimteremko kidogo sakafuni na bomba la kupeleka maji kwenye shimo. Matofali machache na mfuko mmoja wa saruji na ushee. Ni hela ndogo sana ukilinganisha na hiyo jipsamu. Haijengwi kwa sababu anayefua hakai kwenye kikao cha kupitisha ramani. Anayekaa ni baba mwenye nyumba, ambaye hajafua tangu jeshini.

Mimi siku hizi mteja akija na mumewe au mkewe nauliza kwanza: nani anapika, nani anafua, mtoto anachezea wapi mkiwa mnafanya hayo. Jiko nalichora dirisha lake litazame anapochezea mtoto. Kama ni nyumba ya kupangisha namwambia mwenye nyumba aje na mpangaji wake mmoja. Wengi wanakataa. Wachache waliokubali waliondoka na ramani tofauti kabisa na waliyokuja nayo kichwani.

Kuhusu dirisha lako, ukuta na ukuta kugusana kwa mkono ni matokeo ya watu wawili, kila mmoja akijenga mpaka mwisho wa kiwanja chake akisubiri mwenzake ndiye aache nafasi.

#10 Fundi Lenta

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni fundi mwashi, nimejenga nyumba nyingi kuliko maprofesa wenu. Mnatusingizia sana mafundi. Ramani inasema dirisha futi sita kwa tano. Bosi anakuja site anauliza aluminiamu inauzwaje, anageuka ananiambia fundi punguza, weka nne kwa nne. Ramani inasema juu ya lenta, ile boriti ya juu ya madirisha, weka tofali za matundu hewa ipite. Bosi anasema ziba, nitaweka AC. AC haiji. Miaka mitano sasa bado kuna kitundu kwenye ukuta kimezibwa na gunia, na mke anapepea na mfuniko wa ndoo.

#11 Mchora Ramani

Fundi Lenta salute. Kitundu kilichozibwa na gunia nimekiona nyumba nyingi mpaka nikidhani ni sehemu ya mtindo.

Na tuseme wazi, Dar hii imejengwa na nyinyi. Msanifu anakijua kiwanja kwa wiki chache, fundi anakaa nacho mwaka. Yule Diébédo Francis Kéré, Mwafrika wa kwanza kupewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani, 2022, alianza kwa kujenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikakamilika 2001. Wanakijiji ndio waliojenga. Matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na kenchi za paa zimechomelewa kwa nondo za kawaida, hizi hizi unazofungia nguzo. Bati limeinuliwa juu ya dari, hewa moto inatoka katikati, darasa linapoa bila umeme. Niambie fundi wa kuchomelea wa Gerezani au Tabata anashindwa nini hapo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye na kumchorea kwa kijiti mchangani.

#12 Mwaka wa Tatu

Shikamoo wakubwa. Mimi nasoma usanifu hapa jijini. Darasani tulipewa mfano wa Pruitt-Igoe, St. Louis, Marekani: magorofa 33 ya watu wa kipato cha chini, yaliyoanza kubomolewa 1972. Tunaambiwa ni ushahidi kwamba usanifu ukijifanya utatatua matatizo ya jamii unayazidisha. Sasa kaka mwanzisha uzi, wewe huoni unatupa mzigo ambao si wetu? Umaskini haumalizwi na kibaraza.

#13 Mchora Ramani

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu wako akikuletea Pruitt-Igoe muulize hela ya matengenezo ilitoka wapi. Ilitakiwa itoke kwenye kodi za wapangaji wenyewe, katika mji ambao watu na ajira vilikuwa vinauhama. Wapangaji wakapungua, kodi ikapungua, lifti zikafa, mabomba yakapasuka, waliobaki wakazidi kukimbia. Korido ndefu zisizo na mwenyewe zilichangia, sikatai. Lakini kulaumu mchoro peke yake ni kumsamehe aliyeshika mfuko.

Umaskini haumalizwi na kibaraza, kweli kabisa. Ila mchoro unaweza kumwongezea maskini gharama au kumpunguzia, na hilo ni letu, si la mwanasiasa. Chukua msanifu Alejandro Aravena wa Chile, mradi wa Iquique wa 2004, familia 93. Hela ya ruzuku haikutosha nyumba nzima. Badala ya kuwapeleka pembezoni mwa mji kwenye ardhi ya bei rahisi, wakawabakiza palepale walipokuwa wakiishi na kujenga nusu: ile ngumu, yenye choo, jiko, ngazi na kuta za kubeba mzigo. Nusu nyingine ikaachwa wazi, kila familia ijaze ikipata. Wazungu walishangilia kama wameona muujiza. Sisi huku kila mtu ana msingi uliosimama tangu mtoto yuko chekechea, tofauti ni kwamba nusu yetu tunaanza na isiyo ngumu.

Magomeni Kota, zile kaya 644 za kota za zamani zilizobomolewa, zikarudishiwa nyumba mpya 2022, ndiyo kipimo chetu wenyewe. Kwangu uzuri wake ni mmoja na ni mkubwa: watu wamerudi palepale kati ya mji, hawakupelekwa porini. Miaka kumi ijayo tutajua kama lifti na pampu ya maji vina mfuko wake. Ukitaka mada ya andiko lako la mwisho, hiyo hapo. Nenda uangalie mama wa ghorofa ya sita anaanika wapi nguo na ananunua mkaa au gesi.

#14 Kete Nne

Mbona hamuongelei yanayoanguka? 29 Machi 2013 mtaa wa Indira Gandhi, ghorofa limelala na watu zaidi ya 30. 16 Novemba 2024 Kariakoo tena. Nyie mnajadili karo la kufulia.

#15 Mchora Ramani

Hoja nzito na sitaikimbia. Jengo lisilosimama halina faida ya kijamii ya kujadili. Waliokufa Indira Gandhi hawakuwa na hisa kwenye jengo lile, wapo waliokuwa wakipita na watoto waliokuwa wakicheza jirani. Mteja wa pili ndiye anayekufa.

Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ipo, ya wahandisi ipo, ya makandarasi ipo, vibali vipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kusema hapana pale mwenye jengo anapoongeza ghorofa mbili juu ya mchoro. Nami nilishaacha kazi yenye hela nzuri kwa sababu hiyo, na aliyepokea kijiti akakubali siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyo. Mpaka mpita njia awe na mahali pa kuuliza "hili jengo mchoro wake unasema ghorofa ngapi?" na akajibiwa, tutaendelea kuokota. Bango la mradi linaandika jina la mwenye mradi, mhandisi na mkandarasi. Liandike na idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa, kwa namba kubwa inayosomeka kutoka kwenye daladala. Mtaa utahesabu wenyewe.

#16 Fundi Lenta

Hiyo ya bango naiunga mkono mia kwa mia. Na waandike namba ya simu inayopokelewa.

#17 Chanika Mpya

Wakuu mimi sina maneno mengi. Nina kiwanja ishirini kwa ishirini Chanika, hela ya kuanzia vyumba viwili tu. Mchora Ramani, ungekuwa wewe ungeanzaje? Nimezoea kuona watu wanaanza na fensi.

#18 Mchora Ramani

Usianze na fensi. Fensi ya tofali ishirini kwa ishirini ni kuta za nyumba nzima umezimwaga chini. Panda michongoma leo, ukihamia itakuwa kifuani, na ukiikata vizuri unamuona anayepita na yeye anakuona.

Chora nyumba yote kwanza, hata kama utajenga robo. Ukuta mrefu utazame kaskazini na kusini. Vyumba viwili vya kwanza viwe vile vyenye choo na jiko pembeni, mabomba yote yakae ukuta mmoja, usije ukavunja sakafu baadaye. Upande wa magharibi weka choo na stoo, vibebe jua la jioni. Bati litoke nje ya ukuta karibu mita moja, dirisha lako litabaki wazi hata mvua ikinyesha. Tofali za matundu juu ya lenta, na wavu wa mbu kwa ndani, usimsikilize mtu. Shimo la maji taka liwe upande ambao gari litafika hata baada ya jirani kujenga. Na kabla ya kumwaga jamvi muulize jirani wa chini yako maji yako yatapitia wapi.

#19 Chanika Mpya

Shukrani mkuu. Shida ni moja, barabara iko upande wa magharibi, na wife anataka kibaraza kitazame barabara, anataka kuuza barafu na maandazi.

#20 Mchora Ramani

Wife yuko sahihi, choo na stoo sogeza kona ya kusini magharibi, kibaraza kichukue sehemu iliyobaki. Kifanye kipana, futi sita na kuendelea, paa lishuke chini kidogo kwa mbele. Mpaka saa sita kitakuwa kivulini chenyewe, na maandazi ni biashara ya asubuhi. Kwa jioni panda mti wa mkungu wa kivuli sasa hivi, mita nne kutoka msingi, usiuweke karibu na shimo la choo. Soketi ya friji ya barafu iwekwe ukuta wa kibaraza ndani ya mlango, waya usikatize sebuleni.

Tupia picha ya kiwanja hapa, moja ukiwa umesimama barabarani, nyingine ukiwa kona ya nyuma. Na kama mvua ilinyesha wiki hii, piga pale maji yalipotuama.